Mbuzi ya Kumi na Mbili

Siku bas, ile gita ya sauti nene, iliingia mu nyumba ya Papa Mathe, mbuzi njo ilikuwa inatoka. Na zilikutana ku mulango, kweli kabisa! Muzee Éliakim alikuwa anavuta mbuzi. Mukaka Vagheni, mama ya Papa Mathe, alikuwa anapokea bas na mikono yote mbili, kama vile banapokeaka mutoto wa kuzaliwa leo. Na Shekinah, mujukuu yake, mwenye maneno yote ilikuwa juu yake, alikuwa amesimama ku kinu na muchi mu mukono, hajue kama acheke ao akimbie.

"Kamba ine tu?" Mukaka aliuliza. "Zingine mulizipeleka wapi?"

"Zinatosha, Mukaka," Éliakim alisema. "Hata meza iko na miguu ine na haianguke."

Mbuzi ikalia mara moja, ikageuka kona, ikapotea mu vumbi ya Mulekera, mutaa yao mu Beni. Ilikuwa saa tisa. Papa Mathe anarudiaka kazi saa kumi na moja. Donc, balikuwa na saa mbili nzima za furaha.

Papa Mathe ni fundi ya mbao. Alirudi na vumbi ya musumeno mu nywele, na mbele ya kusalimia mutu alipita ku zizi kuhesabu mbuzi, kama vile alikuwa anafanya kila mangaribi tangu miezi sita. Kambere, mutoto yake wa kwanza, aliposa Audrey wa Butembo, na bakwe balisema mahari ni mbuzi kumi na mbili. Siku ya kuzipeleka ilibakia wiki moja na nusu.

"Kumi na moja," Papa alisema. Akahesabu tena na kidole. "Kumi na moja. Ile ya madoa iko wapi?"

Mama Agar, muke yake, aliinamia chungu kama vile bugali imemuita jina.

"Iko kwa Éliakim," Mukaka alisema.

"Inafanya nini kule?"

"Inakula majani."

"Mama!"

"Ilikuwa mbuzi ya nani, Mathe?"

"Ya kwako, Mama, mais…"

"Siku ya mahari ya Aurélie, binti yako, bakwe balinipa mbuzi yangu. Mbuzi ya mukaka. Ile haikuwa ya ukoo. Weye mwenyewe ulisimama pale na kravati ukasema asante."

"Na weye mwenyewe ulisema utaitoa juu ya Kambere, zifike kumi na mbili!"

"Nilisema. Kiisha nikaona huyu Shekinah anapiga muziki ku kamba ya kuanikia manguo. Mwaka muzima, Mathe! Manguo inaanguka mu vumbi, anasema pardon Mukaka, anaanza tena. Nikasema huyu ana njaa, na hii njaa bugali haiimalize."

Pale pale Kambere aliingiza pikipiki yake mu parcelle ya nyumba, kasque bado mu kichwa. Yeye ni motard, habari inamufikiaka mbele ya redio.

"Mukaka, munaniuzisha? Niko naambia Audrey nini? Chérie, ulikuwa karibu kufika, lakini dada yangu amekubadilisha na gita?"

Shekinah alikuwa na miaka makumi mbili na mbili, na tangu mutoto anatwangaka sombe, majani ya muhogo, na Mukaka, banauzisha ku soko. Kiganja zake zilikuwa za kijani, sabuni haiweze kitu. Alijifunza ku gita ya chorale ya batoto, zile kamba za juu, za nene, ambazo batoto habapende, na ku simu. Sasa bassiste, mupiga bas ya orchestre Tujikaze, ile inapigaka ku harusi tangu Beni mpaka Butembo, alikuwa ameenda Kampala. Chef Hippolyte, mwenye kuiongoza, alitangaza kama anatafuta mwingine, mais akuje na bas yake mwenyewe. Bas moja tu ilikuwa inalala bure mu kartié, ni ya Éliakim. Na Éliakim, tangu vidole vyake viligonjwa, alikuwa na hamu ya mbuzi.

Papa Mathe alikaa ku kiti. Akatosha kofia. Alikuwa mutu wa kukata maneno mara moja, kama mubao.

"Éliakim haichinje, haiuzishe, anaichunga tu. Siku ya ine, alhamisi ya wiki inakuja, kama Tujikaze haijakukamata ku kazi, Shekinah, bas inarudia kule, mbuzi inarudia huku. Siku ya sita, jumamosi, tunaenda Butembo."

"Na kama banamukamata?" Mukaka aliuliza.

Papa Mathe aliangalia zile mikono za kijani. Akacheka kidogo, hapana kwa ubaya.

"Kama banamukamata, miye mwenyewe nitapata mbuzi ya kumi na mbili."

*

Yenga, jumapili, kiisha kanisa, Shekinah alifika ku répétition, mazoezi ya orchestre, na bas mu mugongo, imefungwa mu kitenge kama mutoto. Tujikaze inafanyiaka répétition mu dépôt moja, ghala ya zamani ya kakao. Balimuangalia. Bakaangalia mikono.

"Sombe ni ya kununua?" Blaise, ule wa gita ya solo, aliuliza. "Miye nakula na samaki."

"Nimekuja kwa bas."

"Ataipaka sombe bas!" Précieux, ule wa batri, mupiga ngoma, alisema, na akapiga sahani ya batri, tchaaa, kama mu téléviseur kiisha blague ya kuchekesha.

Chef Hippolyte hakucheka. Alikuwa mutu mufupi, na cravate hata ku répétition. Akamuonyesha fasi ya kuchomeka kable, na akahesabu: moko, mibale, misato! Shekinah aliingia. Wimbo ule aliujua kama jina yake! Mwaka muzima aliusikiliza mu simu, alikamata kila sauti, na vidole vikakimbia, vikapanda juu, vikashuka, akafumba macho…

Alipofumbua, bote balikuwa bameacha kupiga.

"Blaise," Hippolyte alisema polepole, "nani anapiga kazi yako?"

"Hata miye nilisikia, Chef. Nilizania ni mwangwi ya nyumba."

Précieux aliinama ku batri, mabega yanatetemeka. Fimbo moja ilimuponyoka, ikabingirika mpaka ku miguu ya Shekinah. Na Shekinah, aibu imemushika, aliiokota akamurudishia.

"Dada," Hippolyte alisema, "unapiga kazi ya Blaise, na unaipiga vizuri hata. Mais kazi ya bas nani alikuwa anaifanya? Roho Mutakatifu?"

"Chef, njo vile niliisikia."

"Uliisikia vibaya. Rudia siku ya ine. Mara moja tu. Kiisha pale nakamata ule kijana wa Mangina, naye iko na bas yake."

Alifunga bas mu kitenge. Ku mulango Blaise alimuitia: "Dada! Siku ya ine ulete na pilipili!"

*

Hakuenda ku nyumba. Alienda moja kwa moja kwa Éliakim. Muzee alikuwa anakatia mbuzi majani, vidole vyake vimekunjama kama tangawizi. Mbuzi ya madoa ilikuwa imenona mu siku tatu tu. Hata ile ilimuumiza roho.

"Muzee, nakurudishia bas yako. Unipe mbuzi."

"Balikufukuza?"

"Balicheka. Banasema nilipiga kazi ya solo."

Éliakim aliacha kisu. "Ulijifunzia wapi?"

"Mu simu."

"Nionyeshe."

Shekinah akatosha simu, akatafuta ule wimbo wa Tujikaze, mutu aliurekodi ku harusi moja. Ukaimba tii-tii-tii. Muzee alitega sikio hii, akatega ile ingine.

"Na bas iko wapi humu?"

"Haiko hii? Tiii, tiri-tii…"

"Hii?" Éliakim alianza kucheka, akashika goti, akacheka mpaka mbuzi ikasimama kuangalia. "Mutoto yangu! Hii ni gita ya Blaise! Simu iko na kinywa kidogo kama ya panya, bas haiweze kupita mule. Mwaka muzima ulikuwa unasikiliza nyumba yenye haina chini! Simama. Twende."

Balienda ku salon ya coiffure ya kona, kule kuko bafle, spika mukubwa kama frigo. Kinyozi aliunganisha simu. Éliakim akamushika Shekinah mabega, akamugeuza mbele ya ba-client bote.

"Usiangalie bafle. Weka mugongo. Fungua kinywa kidogo. Voilà."

Na wimbo ukaanza. Na kintu kikaingia mu mugongo ya Shekinah, kikashuka mu tumbo, kikashika magoti. Duum. Du-duum. Kumbe kulikuwa mutu mwingine mu ule wimbo! Mwaka muzima alikuwa mule ndani, anatembea polepole na miguu ya nguvu, na Shekinah hakumusalimia hata siku moja.

"Ni nani ule?" aliuliza, machozi iko karibu.

"Ule ni miye," Éliakim alisema. "Harusi ya kule Maboya. Nilikuwa bado na vidole, napiga mu Tujikaze."

Ba-client bakageuka kumuangalia. Kinyozi akazima mashine ya kunyoa.

"Sasa unisikilize," Muzee alisema, balipotoka, "juu vidole viliisha, nimebakia na kinywa. Siku ya ine usimuangalie Blaise. Blaise anapendezaka, ni kazi yake. Angalia muguu ya kuume ya Précieux, ule anakanyagia ngoma kubwa. Muguu ikianguka, na weye anguka. Hapana mbele, hapana nyuma. Na fasi yenye hakuna kintu, uiache vile. Mupiga bas mubaya anazibaka kila tundu kama mutu wa nyumba inavuja. Acha hewa ipite, batu bapate fasi ya kucheza."

"Na nikipotea?"

"Utapotea! Hata miye nilipoteaka, mbele ya bwana harusi na pasta. Ukipotea, shika sauti moja ya chini yenye unaijua, ukanyage nayo pamoja na muguu ya Précieux mpaka njia irudie. Usisimame. Na usikunje uso. Batu habajue kama umekosa, mpaka uso yako ibaambie."

Alitembea kidogo, akageuka tena.

"Makucha ukate. Vidole vikitoka malengelenge, usipasue. Na ufike wa kwanza, ukunje kable ya kila mutu, hata ya Blaise. Chef anakumbukaka mukunja kable."

"Muzee, ku nyumba sina ampli ya kukuza sauti."

"Baba yako haiko fundi ya mbao? Kandamiza kichwa ya bas ku armoire yake. Kiisha utaniambia."

*

Armoire ya Papa Mathe, kabati kubwa, ilikuwa ya mbao ya libuyu, alijitengenezea mwenyewe mwaka alioa Mama Agar, na ndani mulikuwa sahani za siku kubwa. Shekinah alikandamiza kichwa ya bas ku mulango yake, akagusa kamba ya juu, ile nene.

Nyumba ikasema: uuum.

Kweli! Mubao ulipokea sauti, sahani zikajibu zzzz, na kuku ya Mama Agar ikatoka mbio chini ya meza. Shekinah alicheka peke yake. Sasa sauti ilikuwa. Kilichobakia ni muguu ya Précieux, na muguu ya Précieux haikuwa mu ile nyumba.

Alihangaika siku ya kwanza nzima. Aliingia mbele, akachelewa, akaziba matundu yote. Asubuhi ya siku ya pili, kazi ikamuita. Sombe haingoje mutu. Akasimama na Mukaka ku kinu, kinu moja, michi mbili, kama vile banafanyaka tangu alikuwa na miaka saba. Ya Mukaka inashuka, ya kwake inapanda. Ya kwake inashuka, ya Mukaka inapanda. Kama unaingia mbele, michi zinagongana na mikono inalia. Kama unachelewa, majani inaruka inje. Miaka kumi na tano, na habajagongana hata…

Shekinah aliacha muchi.

"Mukaka! Twanga peke yako."

"Umechoka? Jua haijatoka hata!"

"Hapana, twanga! Usiache!"

Alikimbia mu nyumba, akafungua mulango wazi amuone Mukaka, akakandamiza bas ku armoire. Muchi ya Mukaka ikaanguka: tu! Bas ikaanguka nayo: duum. Tu! Duum. Halafu fasi ya katikati, ile ambako muchi iko inapanda hewani, akaiacha wazi. Mukono yake ilijua! Mwaka muzima alitafuta mu simu kintu chenye mikono yake ilikuwa inafanya kila asubuhi.

"Mais nakuona vizuri!" Mukaka alipaza sauti kule inje. "Miye natwanga, weye unaimba! Uvivu!"

"Ongeza mbio, Mukaka!"

"Niko na miaka makumi saba!"

Lakini aliongeza. Siku ile sombe ililainika mpaka ba-client bakauliza Mama Agar kama amenunua mashine.

Papa Mathe alirudi mapema, akasimama ku mulango.

"Nani anatikisa sahani zangu?"

Shekinah aliacha. Papa akakaribia armoire, akaweka kiganja ku mubao. "Endelea kidogo," alisema, na uso kali. Shekinah akapiga. Papa akasikiliza na mukono.

"Hii ni libuyu," alisema. "Mbao mubaya haiwezake kuimba vile." Kiisha akakumbuka kama alikuwa na kasirani. "Mutavunja sahani!" Akafungua armoire, akazitosha moja moja, akazipanga chini ku mukeka. "Hapana juu ya bas. Juu ya sahani."

*

Siku ya ine alifika wa kwanza. Alifagia. Alikunja kable zote, na ya Blaise akaikunja vizuri kupita zote. Blaise alipofika, akaiangalia, akamuangalia.

"Na pilipili?"

"Nilisahau, kaka Blaise. Utakula vile."

Précieux alicheka, mais safari hii alicheka upande ya Shekinah.

Hippolyte akahesabu. Shekinah hakufumba macho. Aliangalia kiatu ya kuume ya Précieux, kiatu moja imepasuka ku kidole, na kila mara ilianguka, alianguka nayo. Sauti tatu tu. Tatu! Akaacha hewa ipite. Blaise alipanda juu, akafurahi, akapanda tena, akafika fasi yenye hata yeye hakuijua, na akapotea. Kila mutu aliona amepotea. Shekinah akashika sauti yake moja ya chini, akakanyaga, akakanyaga, mpaka Blaise akaisikia, akashuka polepole kama mutu wa kushuka ngazi mu giza, na akaingia tena.

Wimbo uliisha. Hippolyte akarekebisha cravate.

"Siku ya sita, saa kumi na mbili asubuhi, gari inatoka. Tuko na harusi Butembo, saa tisa, mu salle."

"Chef, siku ile asubuhi tunapeleka mahari ya kaka yangu. Pale pale Butembo."

"Mbuzi munazipeleka na nini?"

"Papa iko anatafuta gari."

Hippolyte alifikiri. "Zipande na bafle. Lakini ikikojolea ampli, ni weye unapangusa."

Blaise alikuja kukamata kable yake. Akakohoa.

"Ile fasi nilipotea… asante, dada."

Kwa nyumba Mukaka alipiga bigelegele mpaka majirani bakazania Audrey ameisha kufika. Papa Mathe alikaa na kofia ku magoti. Alikuwa mutu wa neno yake, bas haikuguswa. Siku ya tano nzima alizunguka Mulekera yote, akafika mpaka ku soko ya mbuzi, na ile saison, kila mbuzi ya Beni ilikuwa na harusi yake. Zenye zilibakia, bei yake ilikuwa ya kutukana mutu.

"Nilisema nitapata," alisema. "Sikupata. Nitaenda kuomba siku."

Kambere aliangalia chini. Akaenda ku zizi kuhesabu tena, kama vile baba yake.

*

Balipanda mulima ya Kabasha na mbuzi kumi na moja, bafle ine, grupu moja ya umeme, na Mukaka mbele ku kabine na chauffeur, kitenge mupya. Ku Butembo vumbi ilikuwa imebapaka bote rangi moja, mbuzi na bapiga muziki.

Bakwe balikuwa bamengoja mu parcelle, viti mu mistari. Papa Jephté, baba mudogo ya Audrey, njo alikuwa musemaji. Alikuwa na kaye ya kuandika na bic, na alikuwa anapenda ile kazi kupita kiasi. Kila mbuzi aliishika ku mugongo na kiganja, akafinya, kuona kama iko na nyama.

"Hii imenona. Andika moja. Hii… banaikulisha magazeti? Bon, andika mbili."

Batu bakacheka. Papa Mathe alicheka na meno tu. Ilifika kumi, ikafika kumi na moja. Papa Jephté akaangalia ndani ya gari.

"Na ile ingine? Inavaa?"

Papa Mathe akasimama, akavuta kravati. "Bakwe bangu baheshimiwa, tunaomba wiki mbili."

Kicheko ikakatika. Papa Jephté akafunga kaye.

"Tulisema kumi na mbili. Na munajua ile ya kumi na mbili ni ya nani? Ni ya mukaka ya mutoto. Munataka tumuambie ule mama muzee, ameketi pale tangu asubuhi, kama bote bamepata isipokuwa yeye? Murudie na zote. Siku mutakuwa na kumi na mbili, mutatuona."

Audrey, ku dirisha, akaficha uso. Kambere akashika kasque yake kama vile itamusaidia. Na Papa Mathe, bila kugeuka, akasema polepole: "Shekinah. Kesho bas inarudia kwa Éliakim."

Shekinah akakaza kitenge ya bas.

Pale Mukaka Vagheni akasimama. Hakuangalia Papa Jephté. Alienda moja kwa moja kwa mukaka ya Audrey, Mukaka Thérèse, mumama mudogo amekauka, ku kiti yake ya mbele, fimbo mu mukono.

"Dada yangu, ile mbuzi ni ya kwako. Miye pia nilipewa ya kwangu, na uangalie nilifanya nini nayo…"

Mukaka Thérèse alitabasamu tu, macho iko ku mbuzi.

"Hasikie, Mukaka," Audrey alisema ku dirisha. "Miaka sita sasa. Hata tarumbeta ya kanisa hasikie."

Mukaka Vagheni akaangalia bafle mu gari. Kiisha akageuka.

"Shekinah. Teremusha bafle."

"Mama, tumeisha kupata haya yetu," Papa Mathe alisema.

"Teremusha, nasema!"

Hippolyte aliangalia saa. "Wimbo moja," alisema, na Précieux alikuwa ameisha kuruka chini na ngoma. Grupu ikawaka. Shekinah mwenyewe alisukuma bafle mpaka ku kiti ya Mukaka Thérèse, akapiga magoti, akamushika mabega kama vile Éliakim alimushika. "Pardon, Mukaka," alisema, hata kama hasikie, na akageuza ule muzee na kiti yake: mugongo ku bafle.

"Banamufanya nini?" Papa Jephté alisema. "Hé!"

Hakuna solo. Hakuna sauti ya mutu. Bas peke yake. Duum.

Mukaka Thérèse aliangalia chini ya kiti. Alizania mbuzi imemusukuma. Du-duum. Akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Akaweka kiganja ku kifua. Muguu ya Précieux ikaanza kuanguka, Shekinah akaanguka nayo, akaacha hewa ipite, na mu ile hewa fimbo ya Mukaka Thérèse ikagonga chini: ko!

Fasi yake kabisa! Akagonga tena. Ko! Akasimama. Bega moja ikapanda, kiuno ikakumbuka kazi yake, na kinywa, ambamo jino ilibakia moja ao mbili, ikafunguka.

"Ninasikia!" alilia. "Batoto, hii ninasikia!"

Bigelegele ikapasuka mu parcelle yote, mbuzi zikakata mbio, na Shekinah, machozi mu macho, akapotea. Kabisa. Hakujua tena iko wapi. Sauti moja, sauti moja ya chini. Akaishika, akakanyaga, hakukunja uso, na njia ikarudia. Hakuna mutu alijua. Blaise tu alijua. Akamukonyeza, na akaingia na solo.

Banamama bakatoka mu jikoni na mikono ya unga. Kambere akaruka dirisha, ao Audrey njo aliruka, mpaka leo bako banabishana. Papa Mathe alikuwa anaambia mukwe moja kwa sikio, na nguvu: "Alijifunzia ku armoire yangu! Libuyu, unasikia? Libuyu!"

Wimbo ulipoisha, Mukaka Thérèse alienda ku bafle. Aliweka kiganja juu yake, akafinya kama vile Papa Jephté alifinya migongo ya mbuzi.

"Hii imenona," alisema. "Andika."

"Mama," Papa Jephté alianza, "hii haiko…"

Mukaka Thérèse hakusikia kinywa yake, mais ile uso aliijua tangu alimuzaa.

"Jephté. Ya kumi na mbili ni ya nani?"

Akaonyesha na kidole: ya kwako.

"Andika."

"Donc bas inabakia hapa?" Papa Jephté aliuliza, na akafanya na mikono kama mutu wa kupiga gita, Mama yake aelewe.

"Nifanye nini na mubao? Anibakishie zile mikono ya kijani. Siku ya harusi akuje kunipigia. Na kila mara ile gari inapita Butembo, isimame hapa."

Hippolyte, ule mutu asiyechekaka, akainama na cravate yake yote. "Itasimama, Mukaka."

Papa Jephté akafungua kaye. Akalamba ncha ya bic, akaandika kumi na mbili, akapiga mustari chini mara mbili. Ile siku ingine Éliakim aliposikia, alisema mbuzi ya madoa haitachinjwa kamwe, itakufa na uzee kama pasta.

Lakini ile ilikuwa kesho. Pale mu parcelle, Précieux alikuwa ameanza kufungua ngoma, juu Chef alisema wimbo moja, na saa ilikuwa inaenda. Mukaka Thérèse akarudia ku kiti. Akaigeuza yeye mwenyewe, mugongo ku bafle, akashika fimbo na mikono yote mbili.

"Tena," alisema.

Hippolyte akaangalia saa, akaangalia ule muzee, akahesabu. Shekinah akaangalia kile kiatu kilichopasuka. Muguu ikaanguka.

Na yeye akaanguka nayo.